Dume la Matondoni

Ami alinionya kabla sijalegeza kamba. "Mwanangu, usimtie leo. Waache wanusane kwanza." Nikamwona mzee apenda kuvuta mambo tu. Jahazi la mchanga lilikuwa limeshafika, fundi anadai mizigo yake, na mimi nina dume jipya la punda nililolipata Matondoni, hapa kisiwani Lamu, kwa bei ya kutupa. Bei yenyewe ingepaswa kunishtua. Punda mwenye mabega yale, mgongo hauna hata kovu la shogi, ile mifuko ya mizigo, mtu hamwachilii bure.

Nikamsukuma uani, nikatia komeo.

Ua wetu pale Langoni ulikuwa mwembamba, kuta za mawe pande zote. Mlikuwamo watano waliozoeana miaka: majike watatu, mmoja aliyehasiwa, na Kibiriti, dume letu la kazi. Mgeni alilaza masikio, akashusha kichwa karibu na ardhi, akaenda kwa Kibiriti kama aliyetumwa. Mimi macho yangu yalikuwa miguuni, maana tangu utotoni tumeambiwa shukrani ya punda ni mateke. Kumbe dume akigombana na dume mwenziwe, silaha ni meno. Alimdaka shingoni, akashuka mpaka goti la mbele, akamlaza. Ndoo ikapinduka, majike wanarusha miguu ukutani, hakuna pa kukimbilia. Nilipofungua mlango walimwagika wote kichochoroni, na matusi niliyoyapata kwa mama mmoja aliyekuwa na sinia la mahamri siyaandiki hapa.

Kibiriti tulimkokota hadi kliniki ya punda, ile ya mbele ya bahari iliyopo tangu 1987. Walimshona sikio na kumsafisha goti. Daktari akaniuliza kama mgeni amehasiwa. Sijui kwa nini niliona haya kusema la. Akanieleza kwamba hata akihasiwa kesho, ukali hautoki siku hiyo hiyo. Damu huchukua wiki kadhaa kupoa.

Basi tukaanza upya, kwa mwendo wa Ami. Dume lilihasiwa, likafungwa ua wa jirani, kati yao ukuta uliobomoka unaofika kifuani. Wanaonana, wananusana, hawafikiani. Ami alikuwa akichukua gunia alilolalia mgeni na kuwatandikia wenzake, na la kwao akampa yeye. Baada ya wiki mbili alimtoa pamoja na jike mzee peke yake, wakaenda pwani ya Shela maji yakiwa yamekupwa. Pale si kwa huyu wala kwa yule, na nafasi ya kukimbia ipo tele. Siku ya tatu mgeni alijaribu kumng'ata. Bibi yule alimgeuzia matako, akampiga teke moja la kifua, kisha akaendelea kunusa mwani. Hilo ndilo somo alilolielewa.

Walipoingia ua mmoja, Ami aliweka majani mafungu manane kwa punda sita, yakiwa mbalimbali, ili asiwepo wa kulinda chakula. Fundi, kwa wakati huo, alikwishachukua punda wa mtu mwingine, na fedha ile sikuipata.

Alfajiri moja nikielekea msikitini niliwakuta mgeni na jike mzee wamesimama ubavu kwa ubavu, kila mmoja anamkwaruza mwenziwe shingoni kwa meno. Kibiriti alikuwa pembe ya mbali, masikio nyuma, anawatazama.

Sikio lake lilibaki na pengo.