Ndege Mwenye Kwao Kuwili

Fairbanks, Alaska, majira ya kuchipua hayabishi hodi. Mwanzoni mwa Aprili mto Chena bado umefunikwa na barafu. Kabla mwezi haujaisha maji yanakimbia, na nusu ya mji imehamia Creamer's Field, uwanja uliokuwa shamba la ng'ombe wa maziwa mpaka 1966. Watu huenda kuwatazama bata bukini wakitua kwenye matope. Baada yao huja korongo wa kijivu, ambao utawasikia kabla hujawaona. Watoto hubebwa mabegani, wazee husukumwa kwenye viti vya magurudumu. Ukishavumilia miezi ya giza na baridi inayogandisha kope, hata bata utamshangilia.

Mimi bata sikuwa na haja nao sana. Nilikuwa pale kusoma, nimetoka Laikipia, Kenya, na wakati wa baridi mhadhiri mmoja alikuwa ametusimulia utafiti uliochapishwa 2012. Watafiti walimfuatilia ndege mdogo, uzito wake gramu 25 tu, ambaye Waingereza humwita wheatear. Huko Alaska walivalisha ndege 30 vifaa vya gramu moja na ushei, vinavyorekodi mwanga wa jua ili baadaye ijulikane ndege alikuwa wapi. Kifaa chenyewe hakitumi habari. Lazima umkamate ndege yuleyule tena mwaka unaofuata. Walipatikana watatu. Hao watatu walikuwa wamevuka Siberia, Kazakhstan na jangwa la Uarabuni, wakaenda kukaa Afrika Mashariki, kisha wakarudi. Kilomita 14,500 kwenda, na kurudi vivyo hivyo.

Darasa zima liligeuka kunitazama, kana kwamba nilikuwa nimemtuma mimi.

Ndege huyo hatui mjini. Anataka mawe, nyasi fupi na upepo, na mahali pa kumtafutia ni Eagle Summit, kilomita 170 hivi kutoka Fairbanks kwa barabara ya Steese. Mzee mmoja mstaafu, mtazama ndege wa miaka mingi, alikuwa akienda huko kila mwisho wa Mei na pikapu lake. Akanipa nafasi, kwa sharti kwamba nisizungumze kabla hajamaliza kahawa.

Lami iliisha, tukaingia changarawe. Miti ilizidi kuwa mifupi na myembamba kadiri tulivyopanda, mpaka ikatoweka kabisa, ikabaki milima mitupu yenye mabaka ya theluji. Kilele kina urefu wa zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Laikipia hicho ni kimo cha bondeni, lakini huko kaskazini kinatosha kuufukuza mti wowote. Mwishoni mwa Juni watu hupanda hapo kulitazama jua likikataa kuzama. Siku ile upepo ulikuwa ukipenya kofia, skafu na koti, na mzee alikuwa amevaa shati la flana tu.

Wa kwanza kuonekana alikuwa kwale wa theluji, dume, amesimama juu ya jiwe la kahawia akiwa bado na manyoya yake ya baridi. Alionekana toka mbali mno. Tulipomkaribia tuliona weupe wenyewe umechakaa, tumbo limechafuka kama kanzu iliyoburutwa matopeni. Mzee alinieleza kwamba madume hao huchelewa kubadili manyoya kwa sababu wanataka majike wawaone. Wakishapata wenzi ndipo hujipaka uchafu wasionekane na mwewe. Juu yetu alipita chamchanga mwenye madoa ya dhahabu mgongoni, ambaye msimu wa baridi aliumalizia kwenye mbuga za Argentina. Mlima mmoja, abiria wa mabara tofauti. Nikaanza kuelewa kwa nini mzee haongei akiwa huku.

Kisha sauti ikatoka kwenye mawe: *chak, chak*, kavu, mfano wa kokoto mbili zikigonganishwa. Mzee hakusema neno, alinyoosha kidole tu.

Alikuwa dume. Mgongo wa kijivu safi, mabawa meusi, mstari mweusi unaopita machoni, koo lenye rangi ya chungwa iliyopauka. Aliinama, akainuka, akatikisa mkia, akaruka hadi jiwe la pili. Aliporuka, kiuno chake cheupe kikawaka, na ncha ya mkia ikaonyesha herufi T nyeusi iliyopinduliwa. Nilimjua. Siyo kwa rangi zile, maana kwetu huwa amevaa kahawia iliyofifia, bali kwa ule mkia na ile tabia ya kusimama wima juu ya kitu chochote kilichoinuka. Nilipokuwa nachunga, alikuwa akisimama juu ya vichuguu mahali ng'ombe walipokwisha kula nyasi zote, na hakuna mtu nyumbani aliyejisumbua kumtazama mara mbili.

"Huyo ni wetu," mzee alisema, akishusha darubini. "Huwa anaenda kwenu kukimbia baridi tu."

Basi hapo ndipo tulipokosana. Nilimfanyia hesabu palepale kwenye upepo. Anafika Alaska mwisho wa Mei, Agosti anaondoka: miezi mitatu kasoro. Safari ya kwenda inachukua miezi mitatu, ya kurudi siku 55 hivi. Afrika Mashariki anakaa kuanzia Novemba mpaka Aprili mwanzoni. Ni nani hapo mwenyeji, na ni nani anayetembelewa?

Mzee akasema nyumbani ni pale unapozaa watoto. Nikamwambia mimi nilizaliwa katika hospitali ya mji ambao sijawahi kulala hata usiku mmoja zaidi ya ule. Akacheka mpaka kahawa ikamwagika, lakini hakukubali. Wala mimi sikukubali. Nadhani hata leo sijakubali: vitabu vingi vya ndege vimeandikwa na watu wa kaskazini, na kwao kila anayezaa kaskazini ni mtu wa kaskazini, hata akiwa anaonja tu.

Tulipokuwa tukibishana, yule dume alishuka chini, akadonoa kitu katikati ya nyasi, akarudi juu ya jiwe. Jike hakuwepo, kwa kawaida madume hutangulia kushika maeneo, kisha majike hufuata.

Tukiteremka kuelekea Chatanika, njiani kurudi Fairbanks, mzee alitoa daftari lake kwenye kisanduku cha gari, akanipa kalamu.

"Huko kwenu anakula nini?"

"Sisimizi, mbawakawa. Na mchwa, wakitoka."

"Wapi hasa?"

"Juu ya vichuguu, mahali palipoliwa na ng'ombe."

"Andika," akasema, "na uandike ni mwezi gani."