Nilivyolisha watu 220 uwanjani siku ya Simba na Yanga

Watu watatu waliniambia neno lile lile: "Chukua Menyu C, usije ukatutia aibu." Wa kwanza shemeji yangu, ambaye mchango wake mpaka leo uko njiani. Wa pili mwenyekiti wa kamati. Wa tatu meneja wa klabu, na huyo sikumshangaa, maana ndiye muuzaji.

Shughuli yenyewe ilikuwa ya baba. Katimiza miaka 60, kastaafu ualimu, na ukumbi hautaki. Anasema kumbi za siku hizi zina maua mpaka humwoni uliyekaa naye. Akataka uwanja wa klabu moja ya michezo hapa Dar, siitaji jina, ambako yeye na maveterani wenzake hucheza mpira kila Jumapili asubuhi, kama ule ni mpira. Kuna mzee mmoja pale husimama katikati ya uwanja tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, mpira ukimfikia anaupiga, usipomfikia anaongea na simu. Wageni 220, na mimi ndiye mtoto wa kwanza. Mnaelewa.

Karatasi ya menyu nikapewa. A ilikuwa kama 18,000 kwa kichwa, B 25,000 hivi, C 40,000 na ushee. Nikaisoma usiku mzima kama mkataba wa kiwanja. A ina pilau, wali mweupe, kuku, nyama, maharage, mboga, kachumbari, tunda na soda moja. B ni A na ndizi. C ni B na samaki, wali wa nazi, chipsi, na viti kuvalishwa vitambaa. Yaani unalipa zaidi ya mara mbili ili kiti kivae nguo.

Kilichonitisha kwenye C kilikuwa wali wa nazi. Hapo inabidi niwape habari ya send-off ya mdogo wangu, ingawa mama aliniomba nisiisimulie tena.

Mwaka ule nilikuwa mjuaji. Shughuli ilikuwa kwenye uwanja wa aina hiyo hiyo, nikaona chakula cha pale ni ghali, nikatafuta mpishi wa Mbagala apike kwake tulete na gari. Wali wa nazi, kwa sababu upande wa baba ni watu wa Tanga na bila nazi watasema tumewalisha chakula cha hospitali. Ukapikwa alfajiri. Ukapakuliwa wa moto, ukashindiliwa kwenye madeli, vifuniko vikabanwa na kufungwa kamba, nikapongeza kabisa: "Huu utafika unafuka moshi!" Saa sita gari likaondoka. Saa nane na nusu likafika, unajua Barabara ya Kilwa ikiamua kukukomoa. Na MC, kama walivyo maMC wote, akaweka chakula mwishoni kabisa mwa ratiba ili watu wasiondoke kabla ya zawadi. Kwa hiyo wali uliopikwa alfajiri ulifunuliwa saa moja usiku, baada ya kutokwa jasho ndani ya deli kutwa nzima kwa joto la Dar es Salaam.

Aliyefunua ni mama mkubwa. Alirudi nyuma hatua mbili, akafunika, akafunua tena kama vile mara ya pili ungejirekebisha. Ulinuka kama tembo la mnazi la juzi. Ukiuvuta na upawa unavutika nyuzi. Madeli manne, yote vile vile. Nje, watu 150 wameshaambiwa na MC wakanawe mikono.

Mweka hazina wetu, Mungu ampe maisha marefu, alitoka getini na pochi ya kamati. Pale nje kulikuwa na vijana wawili wa chipsi mayai, kila mmoja na karai lake. Akawaambia wasiuze kwa mtu mwingine. Ule usiku ndugu wa bwana harusi walikula chipsi mayai kwenye mifuko ya rambo, na mjomba wao mmoja akasimama kushukuru, akasema hajawahi kuona familia yenye ubunifu namna hii. Mpaka leo sijajua kama alikuwa anashukuru au anatukana.

Basi nikaapa: nazi haiendi uwanjani, na chakula kitapikwa hapo hapo kinapoliwa.

Kwenye hili la kupikia pale pale, meneja alikataa kwanza. "Dada yangu, jiko ni letu, mpishi ni wetu." Nikamwambia sawa kaka, nionyeshe jiko. Jiko lenyewe lina plagi mbili na friji la soda. Nikamuuliza chipsi za watu 220 zitakaangwa wapi. Akasema watatumia majiko ya umeme, wataunga waya kutoka kwenye taa za uwanja. Nilicheka mpaka akacheka na yeye. Chipsi hata ukizikaanga vizuri, zikikaa dakika kumi zinalala, wa mwisho kula anapewa kamba za viatu. Tukaelewana nilipe ada ya jiko, laki mbili na kitu, nije na mama mpishi wangu wa Temeke, tupikie nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo. Masharti: moto usiwekwe kwenye nyasi, gari lisiingie uwanjani, vigingi vya turubai visichomekwe ndani ya mistari, na kina mama wenye michuchumio wazunguke pembeni. Hili la mwisho halikutekelezwa na mtu yeyote, nyasi zina matundu mpaka leo.

Jambo ambalo hakuna mshauri hata mmoja aliyeniambia, niligundua nilipokwenda kukaa uwanjani peke yangu na sahani tupu. Ndiyo, nilichukua sahani nyumbani, nikakaa jukwaani, mlinzi akawa ananiangalia. Uwanjani watu hawana meza! Meza za klabu zilitosha watu kama 50, waliobaki wanakaa kwenye ngazi za jukwaa, sahani mapajani, soda katikati ya miguu. Sasa mpe mtu wa namna hiyo ndizi za mchuzi, amevaa kanzu nyeupe. Mpe samaki mwenye miba, mkono mmoja umeshika sahani. Ndiyo nikajua kwamba menyu hupangwa na viti, bei inakuja baadaye.

Nikagawa. Wazee wenye meza wakapata vya mchuzi: ndizi nyama za upande wa mama, maana mama ni mtu wa Kilimanjaro, nilizifuata mwenyewe soko la Mahakama ya Ndizi kule Mabibo. Samaki wa kuchemsha kutoka soko la Feri na ugali wa dona kwa wenye sukari na presha, na hao kwenye timu ya maveterani ni karibu kikosi cha kwanza chote. Wa jukwaani wakapata vikavu: pilau, kuku wa kukaanga, kachumbari, kipande cha tikiti. Maharage nilifuta. Wali mweupe nilifuta, hakuna mtu aliyewahi kutoka kwao kwenda shughulini kufuata wali mweupe.

Kwa hesabu, mama mpishi anapiga kilo moja ya mchele watu wanane wakati vyakula vingine vipo, tukanunua kilo 30. Akanikataza mchele mpya: "Mwanangu, mchele wa msimu huu unashikana, tafuta wa zamani uliokauka." Kuku mmoja vipande vinane, kuku 30. Mbuzi watatu tulinunua mnadani Pugu, na aliyechinja ni Mwislamu, hilo halikuwa na mjadala.

Ambalo lilikuwa na mjadala ni mjomba wangu mmoja wa upande wa mama, aliyenipigia wiki moja kabla kuniarifu kwamba yeye na wenzake watakuja na deli lao la kitimoto, yaani nguruwe, "kidogo tu, tutakaa kona." Mjomba, baba yangu anaitwa hajji mtaani hata kabla hajaenda Makka! Nikamwambia ng'ambo ya barabara kuna baa, wamalizane huko, wakirudi wanawe. Walikwenda. Walirudi saa tisa wamefurahi sana.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, ratiba ya ligi ikabadilika. Jumamosi yetu ikawa ya watani wa jadi, Simba na Yanga, kwa Mkapa, saa kumi na moja jioni. Simu zikaanza. Mwenyekiti akataka tuahirishe. MC akasema asishtuke mtu, chakula kiwekwe saa moja usiku baada ya mechi, "ukiwalisha mapema wataondoka." Nilikuwa nimewahi kulisikia hilo wapi vile? Nikamwambia chakula ni saa nane mchana, hotuba zote ziishe kabla, na klabu ifunge turubai jeupe la kuonyeshea mechi pale pale. Atakayeondoka saa tisa Jumamosi ya watani ataenda wapi, kwenye foleni?

Halafu likanijia hili ambalo nitajisifia mpaka nife. Tatizo la bufee yoyote ni mambo mawili: foleni moja ndefu, na watu wa mbele kujaza sahani kama Kilimanjaro wa nyuma wakute mifupa. Nikaweka meza mbili za chakula kile kile. Moja nikaitandika kitambaa chekundu, rangi ya Simba, nyingine cha kijani, rangi ya Yanga. Sikuandika kitu. Watu walivyotoka jukwaani, wakajigawa wenyewe, wakaanza kuimba, wala MC hakushika maiki. Foleni ikawa nusu.

Lakini utamu wenyewe ulikuwa kwa wagawaji. Nyama haijichukui, hiyo kanuni kila mtu anaijua, anakaa mtu na koleo. Wengi huweka mpishi, na mpishi hana ubavu wa kumkatalia mkwe wa mtu. Mimi nilimchukua shangazi yangu, Yanga ambaye chumba chake hata neti ya mbu ni ya kijani, nikamweka kwenye meza nyekundu. Na binamu yangu, Simba wa kukera, nikamweka kwenye ya kijani. Jamani! Shangazi alikuwa anagawa kuku kama anatoa damu yake. Kipande kimoja. "Shangazi, niongeze." "Nenda kaongezewe na Mo!" Mo ndiye tajiri wa Simba. Na binamu upande wa pili anawapa Yanga mabawa, anasema si wananchi nyie, maana ndivyo Yanga wanavyojiita, mle kiuwananchi. Watu wanapiga kelele, wanacheka, na hakuna aliyepata vipande viwili. Nyama ilibaki.

Kosa langu lilikuwa kwenye hesabu ya timu. Niligawa nusu kwa nusu, kumbe walimu wenzake baba wengi ni Yanga. Pilau ya kijani ikaanza kuonyesha chini ya sufuria wakati nyekundu bado nusu. Nikataka kuhamisha sufuria, watu wa nyekundu wakaweka ulinzi. Ilibidi vijana wapitie nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo na ndoo iliyofunikwa kanga. Wakati huo huo ukazuka uvumi kwamba kijani ndiko mapaja yaliko, na nikamwona kwa macho yangu mjomba wa kitimoto, Simba tangu tumboni, amesimama foleni ya kijani, kofia kaishusha mpaka puani. Picha ninayo. Iko kwenye kundi la ukoo, na sasa hakuna anayemsikiliza akiongelea mpira.

Baba mwenyewe hakwenda meza yoyote. Yeye ni Coastal Union ya Tanga, bado anaishi mwaka 1988 walipochukua ubingwa. Alikaa na dona lake, akasema anasubiri meza yake itandikwe.

Mapumziko ya mechi ni dakika 15, na mishkaki na sambusa zilishapangwa kwenye masinia kabla filimbi haijalia, kwa hiyo zilipita zikaisha watu hawajanyanyuka. Vinywaji nilimkabidhi mama mkubwa, akakaa juu ya kreti kabisa. Tulichukua kreti 20 za soda, na kila chupa tupu ilirudi kwenye kreti yake ndipo utoe nyingine, maana klabu walishazoea kuhesabu kwa makisio. Meneja alikuja na bili ya kreti 26. Mama mkubwa alimwonyesha alichokalia. Bili ikaandikwa upya.

Jumla sitaisema kwa shilingi, ila ilikuja chini ya Menyu B na chenji ikanunua godoro la zawadi. Matokeo ya mechi pia siyasemi, nina ndugu pande zote mbili na bado nahitaji michango.

Juzi rafiki yangu kaenda pale kuulizia nafasi ya kipaimara cha mwanawe, kanitumia picha ya karatasi ya menyu. Chini ya C wameongeza mstari: meza mbili za watani, nyongeza 100,000. Nimempigia meneja mara nne. Hapokei.