Nilivyosoma usingizi thieta zikiwa kimya

Machi 2020 nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya nusukaputi, yaani udaktari wa usingizi wa operesheni, Nairobi. Tarehe 13 serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na haikupita muda operesheni za kupangwa zikasimamishwa. Ngiri, tonsili, tezi la shingo, zote zikaambiwa zisubiri.

Ukiwa nje utadhani tulipata likizo. Kumbe hizo ngiri ndizo shule yetu. Mgonjwa hana haraka, mkubwa wako amesimama nyuma yako, na mkono unajifunza taratibu kuinua ulimi kwa laringoskopu, kifaa cha kumulikia koo, na kupitisha mpira wa kupumulia hadi kwenye njia ya hewa bila kung'oa jino. Kabla ya hapo niliweka mipira minne mitano kwa siku. Aprili nzima niliweka mitatu.

Hata mgonjwa wa korona akihitaji mpira, sisi wanafunzi tulikaa nje ya mlango. Akikohoa wakati huo virusi vinakurukia usoni, kwa hiyo kazi alipewa mwenye mkono mzoefu zaidi, auweke mara moja atoke. Sikuwa na ubishi. Nilijiuliza tu, huo mkono mzoefu wa miaka mitano ijayo utatoka wapi?

Zamu yangu ya usingizi wa watoto ilipangwa Mombasa. Nairobi ikafungwa, Mombasa ikafungwa, na njia hazikufunguliwa mpaka Julai. Begi lilikaa mlangoni hadi mke wangu akalifungua kutoa taulo.

Kilichoniokoa ni wodi ya uzazi, kwa kuwa mimba haisubiri tangazo. Niliomba zamu za usiku huko. Kafyu ilianza saa moja jioni, basi nikaingia mapema na kulala hospitalini. Sindano za ganzi za mgongoni nilizichoma hadi nikawa naijua nafasi kati ya pingili kwa kidole kabla sijaangalia. Mchana niliomba ufunguo wa chumba cha mazoezi. Sanamu la plastiki halina mate wala damu, lakini nililiwekea mpira nikiwa nimevaa kila kitu: gauni, glavu mbili, barakoa, miwani. Jaribio la kwanza miwani ikajaa ukungu nikapitisha mpira kwenye umio, njia ya chakula. Sista mmoja wa thieta, aliyekuwa akicheka pale mlangoni, akanifundisha kupaka sabuni ya vyombo ndani ya kioo na kuifuta kwa kitambaa kikavu.

Agosti, saa tisa usiku, mkubwa wangu akanitazama kupitia ngao yake ya plastiki: "Daktari, huyu ni wako."

Hakuna kumpulizia mgonjwa wa korona hewa kwa mfuko, virusi visije vikatawanyika, hiyo ilikuwa kanuni. Unampa oksijeni ya kutosha, unachoma dawa, unangoja misuli ilegee. Namba ya oksijeni kwenye skrini ikaanza kushuka, 94, 91, 86. Nikaziona nyuzi za sauti, mpira ukaingia. Stethoskopu haisaidii ukiwa umefunikwa masikio, kwa hiyo sote wawili tuligeukia skrini kuingoja hewa ukaa anayoitoa mgonjwa, dalili kwamba mpira umeingia njia ya mapafu. Wimbi la kwanza likapanda. Likaja la pili.

Nilimaliza masomo nimechelewa miezi sita. Ile zamu ya watoto niliifanya mwishoni, wiki nane zikabanwa kuwa nne, na mtoto wa chini ya mwaka akiletwa hadi leo nampigia simu mwenzangu aje asimame karibu.