Sufuria ya mumi

Nililelewa na dani, nyanya yangu mzaa mama, upande wa Kendu Bay, si mbali na Gendia ambako misheni ya Wasabato ilianza 1906. Kabla sijajua kusoma nilijua sheria moja ya Walawi 11: samaki asiye na mapezi na magamba haliwi. Ngege, mbuta, omena, sawa. Mumi, yaani kambare, mwenye ngozi tupu inayoteleza, hapana. Hata kisu kilichomkata hakikuingia jikoni kwa dani.

Leo nauza samaki hapa Kisumu, na mumi ndiye anayenilipia karo ya watoto. Namchukua Dunga alfajiri, namtumbua, namkausha kwa moshi. Lakini kumla, kwa miaka mingi sikuwahi.

Labda ndiyo maana nampenda Simoni wa Yafa. Tukifika Matendo 10 tunakimbilia maono ya Petro, ile shuka yenye wanyama na sauti inayosema, "Vilivyotakaswa na Mungu, usiviite wewe najisi." Tunaruka nyumba aliyolala Petro: ya Simoni huyu, mtengenezaji wa ngozi, kando ya bahari. Torati inasema agusaye mzoga ni najisi hadi jioni, na huyu kazi yake ni ngozi za wanyama waliokufa. Petro alikuwa amekaa humo siku nyingi, akivuta harufu ile, kabla shuka haijashuka.

Tulifundishwa kwamba maono yale yalihusu watu, si nyama, na ni kweli Petro mwenyewe alimweleza hivyo Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi. Ila endelea hadi sura ya 11. Aliporudi Yerusalemu, shtaka lilikuwa kwamba ameingia kwa wasiotahiriwa akala nao. Utamtenga vipi mtu na sufuria yake?

Jirani yangu ni Mteso wa Busia. Mwaka juzi kitinda mimba wangu alipolazwa, yeye ndiye aliyelala na wale wakubwa wiki nzima. Usiku niliporudi nilikuta ugali na mumi wa moshi aliyepikwa kwa karanga. Nilikuwa na miaka 38. Nilinawa, nikala. Tangu hapo jioni za Jumapili tukawa tunakula pamoja, kwake au kwangu.

Kisha Agosti iliyopita akina mama wa kanisani walinitembelea, na yeye, asijue, akabisha hodi na bakuli lililofunikwa. Harufu ilimtangulia. Nikasema, "Dada, sisi hatuli hiyo." Sisi! Akawasalimu wageni, akarudi na bakuli lake.

Usiku huo nilifungua Wagalatia 2. Petro yuleyule wa Yafa, akiwa Antiokia, alikula na watu wa mataifa hadi walipofika watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu. Akaogopa, akajitenga, hata Barnaba akachukuliwa. Paulo akamkemea mbele ya wote. Nimeisoma sura hiyo tangu utotoni nikidhani inamhusu Petro tu.

Sheria ya dani siidharau. Alimpenda Mungu hadi kwenye makali ya kisu. Na mitume hawakuitupa Torati yote kwa siku moja: kwenye baraza la Yerusalemu, karibu mwaka 49, waliwaomba watu wa mataifa waepuke vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Mambo matatu kati ya hayo manne ni ya mezani. Mimi naona hapo watu waliotafuta meza ambayo Myahudi naye angeweza kuikalia. Paulo aliwaandikia Warumi kwamba anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Dani angeweza kukaa kwenye meza hiyo na chakula chake, na jirani yangu na chake. Mimi ndiye niliyefunga mlango.

Jumapili iliyofuata nilichagua mumi wawili wakubwa waliokauka vizuri, nikaenda kubisha kwake. Nikamwambia, watoto wake wakisikia, kwamba nilimwonea aibu mbele za watu na nimekuja kuomba msamaha. Alinitazama muda. Kisha akanisukumia kigoda na kunipa kisu cha vitunguu.