Kusali na kumeza vidonge

Ninatumia vidonge vya shinikizo la damu, na kila asubuhi huvimeza mara tu baada ya sala, kwa kuwa sala siisahau na vidonge ningeweza kuvisahau. Wapo ndugu katika imani wanaoniuliza, baadhi kwa upole na baadhi kwa mkazo, inakuwaje mtu anayeomba aendelee kutegemea dawa. Maandiko ninayoyasoma hayayatenganishi mambo hayo mawili. Hezekia alipougua karibu na kufa aliomba kwa machozi, Mungu akamsikia, na bado Isaya akaagiza tini zibandikwe juu ya jipu lake. Paulo naye alikuwa na Luka katika utume wake, na katika barua kwa Wakolosai anamwita tabibu mpendwa.

Ninachokiamini mimi ni kwamba sala huisaidia afya kwanza kwa kumgusa yule anayesali, mwili wake pamoja na moyo wake, na kwamba msaada huo upo hata pale ugonjwa unapobaki mahali pake. Kuhusu mwili, lipo jambo lililopimwa. Mwaka 2001 mtafiti wa Italia, Luciano Bernardi, na wenzake walichapisha katika British Medical Journal utafiti walioufanya kwa watu wazima 23 wenye afya, waliosali Salamu Maria ya rozari kwa Kilatini. Sehemu ya kwanza ikisemwa na kiongozi na ya pili ikiitikiwa, sala hiyo huchukua takriban sekunde 10, na hivyo pumzi ya msalaji hushuka hadi kama mara 6 kwa dakika bila yeye kukusudia. Kwa mwendo huo mapigo ya moyo na msukumo wa damu huanza kupanda na kushuka kwa pamoja, na ule mfumo wa mwili unaorekebisha shinikizo la damu huwa mwepesi zaidi kuitika. Watafiti hao walipata matokeo kama hayo kwa maneno yanayorudiwarudiwa katika yoga, na sioni kwa nini Mkristo aone haya kwa hilo, kwani mapafu yaliumbwa kwa watu wote.

Mimi si Mkatoliki, lakini nimejifunza kuisali Sala ya Bwana polepole usiku ninapokosa usingizi. Navuta pumzi nikisema moyoni “Baba yetu uliye mbinguni”, naitoa kwa “Jina lako litukuzwe”, na kila mara utoaji nauacha uwe mrefu kuliko uvutaji. Nikifika kwenye riziki ya leo huwa ninasimama kidogo, kwa sababu mahangaiko yanayonikesheza karibu yote ni ya kesho, na sala yenyewe haikuniagiza kuiombea kesho. Mabega hushuka, taya hulegea. Mara nyingi sifiki Amina.

Kuhusu moyo, jambo ni gumu zaidi, kwa maana si kila sala inayotuliza. Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwafuatilia pamoja na wenzake wagonjwa 596 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea kwa karibu miaka miwili, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba wale waliohisi kuwa Mungu amewaacha, au waliotilia shaka upendo wake kwao, au walioamini kuwa ugonjwa wao ni kazi ya shetani, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Ndiyo maana ninapomsikia mhubiri akimwambia mgonjwa kwamba haponi kwa sababu imani yake ni haba, naona anamwongezea mzigo mtu ambaye tayari ameelemewa. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu atamsahau mtu hata lini, na iliachwa katika Biblia ili wenye uchungu wawe na maneno ya kuusemea. Paulo aliomba mara tatu “mwiba” uliokuwa ukimtesa mwilini uondolewe, na alichopewa ni neema ya kuishi nao. Hakuna anayethubutu kusema kwamba Paulo alipungukiwa na imani.

Wanaotaka kuthibitisha kwamba maombi huponya hukutana na utafiti wa Herbert Benson, daktari wa Marekani, wa mwaka 2006, uliohusu wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo katika hospitali sita za Marekani. Walioombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa walipata matatizo kwa kiwango cha asilimia 52, na wasioombewa asilimia 51. Waliohakikishiwa kwamba wanaombewa wakafikia asilimia 59. Matokeo hayo hayanisumbui. Waombaji walikuwa wageni kwa wagonjwa, walipewa jina la kwanza na herufi moja ya jina la ukoo, wakaomba kutoka mbali wakitakiwa kuyataja maneno fulani waliyopangiwa. Yakobo anaagiza tofauti: mgonjwa awaite wazee wa kanisa, nao waje, wamwombee na kumpaka mafuta. Hapo pana mlango unaobishwa na mkono unaogusa.

Nilipata kufuatana na mzee mmoja wa kanisa kumtembelea mama aliyekuwa akipata matibabu ya saratani. Hakuanza kuomba. Alivuta kiti, akakaa, kisha akamuuliza, “Mama, tukuombee nini?” Nilitegemea aseme uponyaji. Mama yule alijibu kwamba anataka alale usiku mmoja bila kuamka, na kwamba mwanawe aache kulia kila anapomtazama. Tukaombea hayo mawili, kwa sauti ndogo na kwa muda mfupi, maana mgonjwa huchoka upesi hata kwa maneno mazuri.

Limebaki suala la kufunga. Anayechoma sindano za insulini au kutumia dawa za kushusha sukari asianze mfungo kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa dawa ileile bila chakula inaweza kuishusha sukari hadi akapoteza fahamu. Akikatazwa kuacha chakula, anaweza kujinyima simu au mazungumzo yasiyo ya lazima, na muda huo akautumia kusali.