Nilivyoifanya deki yangu ya Kariakoo isome DVD ya Marekani

Kila nikisema bado nanunua DVD, jibu ni lile lile: "Si upeleke flashi wakujazie? Buku mbili tu." Najua. Lakini kwenye flashi wanakuwekea filamu peke yake, na mimi nataka na vilivyokuja nayo.

Chukua La Noire de... ya Ousmane Sembène, mwongozaji wa Senegal, ya mwaka 1966, toleo la 2017 la Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu za zamani kwenye diski. Filamu yenyewe ni ya saa moja hivi. Lakini humo humo kwenye diski kuna Borom Sarret ya 1963, dakika kama 20 za mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Kuna mahojiano na Mbissine Thérèse Diop, yule aliyeigiza Diouana, mhusika mkuu. Halafu kuna dokumentari ya 1994 kuhusu Sembène, ambayo Manthia Diawara aliitengeneza na Ngũgĩ wa Thiong'o. Ngũgĩ wetu huyu huyu! Nimeuliza maduka mangapi ya muvi hapa Dar, hakuna aliyewahi hata kuisikia.

Shemeji yangu wa Minneapolis akaniletea, dola thelathini na kitu. Nikaiweka kwenye deki, ikazunguka, ikaandika kwamba diski haifai. Fundi wa kwanza akaniambia, "Kaka, lenzi imekufa." Nikabadilisha lenzi. Diski za hapa zikasoma kama zamani, ya Sembène ikakataa vile vile. Fundi wa pili akaifuta kwa dawa ya meno, mbele ya macho yangu, diski mpya isiyo na mkwaruzo hata mmoja! Nikamnyang'anya. Wa tatu akataka nibadilishe kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski na mashine hufungiwa, kwenye laptopu, bila kunieleza kwamba laptopu inaruhusu mara 5 tu, na ya mwisho inabaki milele.

Tatizo lilikuwa kanda. DVD ya Marekani ni kanda 1, na sehemu kubwa ya Afrika tuliwekwa kanda 5 pamoja na India na Urusi. Deki ilikuwa nzima siku zote, na lenzi yangu ya zamani nayo ilikuwa nzima.

Dawa ilikuwa kwenye rimoti. Deki nyingi za bei nafuu za Kichina zina menyu ambayo haimo kwenye kijitabu. Yangu nilifungua droo bila diski, nikabonyeza kitufe cha kuseti, nikaingiza tarakimu nne nilizopata baada ya kutafuta usiku kucha kwa namba ya modeli iliyobandikwa nyuma. Pembeni ya skrini ikatokea 5 ndogo. Nikabonyeza mshale hadi ikawa 0, yaani kanda zote. Nikarudisha diski, na Dakar ikafunguka sebuleni kwangu saa tisa usiku. Nilimwamsha mke wangu.

Tarakimu zinatofautiana, kwa hiyo tafuta za modeli yako. Blu-ray, zile diski za picha kali zaidi, ni habari nyingine: Marekani ni kanda A, sisi ni B, na mashine zake hazifunguki kirahisi hivyo.

Kasha nalo lina kazi yake. Diski ya kwanza kabisa kuletewa ilifika meno ya katikati ya kasha yamevunjika, imezunguka ndani safari nzima, imechubuka yote. Siku hizi shemeji analifunga kasha ndani ya khanga mbili, katikati ya begi la mkononi. Na hapa Dar unyevu unakula karatasi, kwa hiyo vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu sivitupi, navipanga rafuni nyuma ya makasha. Makala ya mhakiki Ashley Clark iliyomo ndani ya kasha la Sembène hadi leo inakunjuka nyeupe, haina hata doa.

Sasa nangoja boksi la filamu za zamani zilizokarabatiwa na mradi wa mwongozaji Martin Scorsese, lenye Touki Bouki ya Mambéty, Msenegali mwingine, diski 9. Shemeji ameomba nimtafutie urefu na upana wake kwanza.