Jazi ya Ethiopia: ingilia kwenye kinanda

Wengi wanaoanza kusikiliza jazi ya Ethiopia husema ina huzuni, au ina Uarabu ndani yake, na wanaishia hapo. Masikio yao hayana kasoro. Hawajajua tu nyimbo zimejengwa juu ya noti zipi. Muziki wa nyanda za juu za Ethiopia hutembea kwenye skeli za noti tano, wenyewe huziita kinyit, na kuu ni nne: tizita, bati, ambasel na anchihoye. Zipige kwa vidole vyako kwanza, hata nusu saa, ndipo uende kwenye santuri.

Kusoma noti si lazima. Tafuta kinanda chochote, hata kile cha kwenye simu, na kaa kwenye vitufe vyeupe. C ni kile kilicho kushoto kabisa mwa kundi la vitufe vyeusi viwili; ukienda kulia ni D E F G A B, kisha C tena.

Piga A B C E F, kisha rudi A. Umeruka D na G. Hiyo ni tizita ndogo (minor). Rudia mpaka uiimbe bila kinanda. Sasa chukua noti hizo hizo, ila anzia E na uishie E: E F A B C. Tayari uko kwenye ambasel. Hakuna noti iliyobadilika, kilichohama ni nyumbani, yaani ile noti ambayo wimbo hurudi kupumzika. Hapa ndipo watu hupotea: wanakariri noti bila kusikiliza pa kupumzikia, na skeli hizi mbili wanazisikia kama moja. Dawa ni kushikilia noti ya nyumbani chini kwa mkono wa kushoto, usiiachie, huku wa kulia ukizunguka.

Tizita kubwa (major) ni C D E G A. Mwanakwaya yeyote ataitambua: do re mi so la. Bati kubwa ni C E F G B, na bati ndogo ni A C D E G, ambayo wapiga gitaa la rock na bluzi wanayo vidoleni tayari. Anchihoye ndiyo yenye kazi. Anzia B: B C E F, halafu kitufe cheusi kimoja, G♯, kilicho kati ya G na A. Inasikika kama nyumba isiyo na sakafu, na sababu ipo: skeli nyingine zote hizi zina noti ya tano kamili juu ya nyumbani (do kwenda so), lakini anchihoye haina. Ipe muda. Kwangu ndiyo tamu kuliko zote.

Baada ya hapo nenda kwenye mfululizo wa albamu uitwao Éthiopiques, ulioandaliwa na Mfaransa Francis Falceto kwa kampuni ya Buda Musique. Usianze na namba 1 ukashuka. Anza na namba 10, yote ni tizita, waimbaji tofauti. Kisha namba 14 ya mpiga saksafoni Getatchew Mekurya, ambamo vipande viwili vina majina ya skeli zenyewe, Antchi Hoyé na Ambassel, kwa hiyo unajipima papo hapo. Humo pia kuna shellela, majigambo ya wapiganaji aliyoyahamishia kwenye saksafoni. Sauti inakwaruza na kupayuka, na ndivyo inavyotakiwa.

Namba 4 ya Mulatu Astatke, iliyorekodiwa kati ya 1969 na 1974, iwe ya tatu ingawa ndiyo maarufu. Mulatu alizaliwa Jimma mwaka 1943, akasomea Wales, London na Boston. Alichofanya ni kuacha noti tano juu, kwenye vyombo vya kupuliza na vibrafoni, na kuweka chini yake kodi za jazi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zenye noti kumi na mbili za kuchagua. Ukijaribu nyumbani, chagua kodi chache na uzikalishe muda mrefu. Ukibadilisha kodi kila mpigo, melodia inapoteza nyumbani kwake na unabaki na jazi ya hotelini.

Kutafuta rekodi nyingine kuna mitego. Majina ya Kiamhari huandikwa kila mtu anavyosikia: mwimbaji Tilahun Gessesse ni yule yule Tlahoun Gèssèssè, na tizita ni tezeta. Nakili jina kwa herufi zao, mfano ሙላቱ አስታጥቄ, ubandike kwenye sehemu ya kutafutia, utapata mengi yasiyotokea kwa herufi zetu. Jina la pili ni la baba, hivyo kwenye orodha Mulatu mtafute kwenye M. Na tahadhari na miaka: saa wanazihesabu kama sisi, tangu alfajiri, lakini kalenda yao iko nyuma miaka 7 au 8. Kaseti iliyoandikwa 1977 kwa kalenda hiyo ilitoka 1984 au 1985. Wauzaji huchanganya hili mara nyingi.

Kaseti zina uzito wake. Amha Eshete alianzisha lebo yake ya kutoa santuri mwaka 1969, wakati kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa serikali. Baada ya mapinduzi ya 1974, amri ya kutotoka nje usiku iliua bendi za vilabuni, na kaseti zikachukua nafasi ya santuri. Kwa hiyo ukisimama kwenye santuri tu, miaka ya 1980 yote inakupita, pamoja na Hailu Mergia na akodioni yake.

Ukipiga kinanda sambamba na rekodi ya zamani na noti hazikubaliani, huenda mashine ilizunguka kasi isiyo sahihi. Kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, badili kasi kidogo kidogo. Asilimia 3 ni robo toni, 6 ni nusu toni. Lakini usiifanyie hivyo masinko, zeze lao la uzi mmoja, wala begena, kinubi cha nyuzi kumi kilicho kwenye Éthiopiques namba 11. Hizo hazikufungwa kwa kipimo cha piano. Ule mvumo wa begena unatoka kwenye vipande vya ngozi vilivyowekwa makusudi kati ya uzi na daraja. Zima kinanda, vaa spika za masikioni, usikilize.